Pafu la Mvukuto

Mazungumzo ya juma hili ni juu ya pumzi na moto. Tutaanzia kwenye sigara, lakini hatutakaa huko. Tutapanda hadi mkoani Kagera, pande za Biharamulo na Ngara, nchi ya Wasubi, Wahangaza na wafua chuma waitwao Warongo. Mafundi wa viwanda vikubwa duniani leo wanashughulika na namna ya kuitambua pumzi kwa kuangalia joto. Kwa watu wa huko hilo lilikuwa jambo la kazi za kila siku, karne nyingi kabla ya umeme.

Wengi mmeziona sigara za umeme hapa mjini. Mfamasia wa Kichina aitwaye Hon Lik ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa sigara hizo za kisasa, mwaka 2003. Baadaye, mwaka 2014, kampuni ya Philip Morris ilitoa huko Nagoya, Japani, na Milan, Italia, kifaa cha namna nyingine kiitwacho IQOS, ambacho hakiunguzi tumbaku bali huipasha moto mpaka itoe mvuke. Kijiti kimoja cha tumbaku kilipangiwa dakika 6 au pafu 14, lolote litakalotangulia. Hapo mtu mwenye udadisi hujiuliza: kifaa hakina jicho wala sikio, kitajuaje kwamba mwenyewe amekwisha kupiga pafu la kumi na nne?

Njia za kujua ni zaidi ya moja, lakini iliyo nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya joto. Katika vifaa vya namna hii mna kibapa au waya mdogo unaopashwa na umeme na kuwekwa kwenye joto maalumu. Mvutaji akivuta, hewa ya nje hupita karibu na waya na kuupunguzia joto. Metali ikipoa huupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na ikipata moto huuzuia zaidi. Kwa hiyo kompyuta ndogo iliyomo ndani haina haja ya kuiona hewa. Inautazama umeme tu. Joto limeshuka ghafla, umeme umehitajika zaidi ili kulirudisha: basi, hilo ni pafu moja. Joto likirudi mahali pake, pafu limekwisha. Taabu yake ni kwamba upepo wa barabarani nao hupoza, na hapo mafundi hulazimika kuangalia joto limeshuka upesi kiasi gani na kwa muda gani, ili wasije wakahesabu upepo kuwa mvutaji.

Sisemi haya kumpigia debe muuza sigara. Nikotini ni nikotini, hata ikipashwa moto badala ya kuunguzwa. Nayasema kwa sababu kanuni yenyewe si ngeni. L. V. King wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliiandikia hesabu zake mwaka 1914: waya wa moto ukipulizwa na hewa, kasi ya hewa hiyo hujulikana kwa joto linalopotea. Mafundi wa magari pale Gerezani wanaijua kanuni hiyo bila kumjua King, maana injini nyingi za siku hizi zina kipima hewa chenye waya wa moto, na kikichafuka gari huanza kukohoa.

Sasa tulitazame jambo hilohilo kutoka upande wa pili. Hewa inayokipoza kitu cha moto huondoka na joto la kitu hicho. Kilichopotea kwenye waya kimepatikana kwenye hewa. Mtengeneza sigara anajishughulisha na ule upungufu, anaupima na kuuhesabu. Mfua chuma wa Kagera alijishughulisha na ile faida, na hapo ndipo lilipo shauri letu la leo.

Warongo waliishi kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, pande za Geita na Biharamulo. Kabila tu halitoshi kuwaeleza. Walikuwa pia chama cha kazi, ambacho mtu wa ukoo mwingine aliweza kuingia kwa kujifunza na kupitishwa katika miiko yake. Waliyeyusha chuma porini, karibu na mawe ya chuma na miti ya makaa, mbali na nyumba zao. Katika shimo la tanuru waliweka dawa, na tanuru lenyewe lilisemwa kwa lugha ya bibi arusi na mzazi, kwa kuwa humo ndimo chuma kilimozaliwa. Mtu wa mjini akisikia habari za dawa hucheka. Asicheke upesi, tutalirudia jambo hilo.

Mvukuto wa nchi za maziwa hutengenezwa kwa gogo lililochimbwa au kwa udongo, na juu yake huwambwa ngozi laini iliyofungwa kijiti. Mvukutaji hushika vijiti viwili, kimoja kila mkono. Huku anapandisha, huku anashusha, na pumzi hutoka mfululizo kwa mdundo kama wa ngoma. Mdomo wa mvukuto huelekezwa kwenye mrija mrefu wa udongo, ule ambao kamusi zetu huuita kewa, na mrija huo huingia tanuruni.

Hapa pana jambo dogo ambalo mimi hunifurahisha kuliko mengine yote. Mvukuto wa namna hii hauna kilango cha kuzuia hewa isirudi. Unapuliza na kuvuta kwa mdomo uleule. Kama mdomo ungezibwa kabisa kwenye mrija, mvukuto ungevuta moto badala ya hewa safi, na ngozi ingeungua siku ya kwanza. Kwa hiyo wahunzi huacha mwanya kidogo kati ya mdomo wa mvukuto na mrija. Ukivuta, hewa safi huingia kwa mwanya. Ukipuliza, pumzi huingia tanuruni. Mtazamaji asiyejua ataona fundi mzembe ambaye hakuunganisha vizuri, kumbe mwanya ule ndio unaomkinga mvukutaji na moto.

Kipimajoto hakikuwapo. Palikuwa na macho, na moto una rangi zake. Kwenye nyuzi 700 hivi za Sentigredi vitu huwa vyekundu vya kukoza, kwenye 1,000 hukaribia rangi ya chungwa, zaidi ya 1,100 huwa njano, na kupita 1,300 huelekea weupe. Chuma chenyewe huyeyuka kuwa maji kwenye nyuzi 1,538, lakini mhunzi wetu hakukitaka kiwe maji. Alitaka uchafu wa mawe, yaani mavi ya chuma, uyeyuke na kujitenga, jambo linalotokea mapema zaidi, karibu na nyuzi 1,200, na chuma kibaki bonge zito la kufuliwa. Hewa ikiwa kidogo, mavi hugandamana na chuma na kazi yote huharibika. Hewa ikizidi, makaa huisha bure na chuma kilichokwisha kupatikana hurudi kuwa kutu. Njia kati ya hasara hizo mbili ni nyembamba. Mvukutaji akichoka, mbele ya mrija wake moto hufifia kutoka njano kwenda wekundu, na fundi mkuu akiangalia humo humjua aliyelegea bila kumtazama usoni. Hiyo ndiyo kazi ya ile kompyuta ndogo ya sigara, isipokuwa huyu alihesabu pumzi za watu kadhaa kwa pamoja, kutwa nzima, huku jasho likimtiririka.

Je, tunajuaje kwamba haya si majivuno ya vijiweni? Kwa bahati kipimo kilifanyika, ingawa hakikuanzia Biharamulo bali kaskazini yake, Buhaya. Mwaka 1976, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, mwanaakiolojia Peter Schmidt wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa metali wa chuo hichohicho, waliwaomba wazee wa Kihaya wa kijiji cha Nyungwe wayeyushe chuma kama zamani. Wazee hao walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa muda wa nusu karne hivi, maana majembe ya dukani yalikuwa yamekwisha kuizima. Walikumbuka. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakajaza shimo majani ya kinamasi yaliyobabuliwa, wakaingiza mirija minane. Nao wageni wakatia vipimajoto.

Ajabu iliyoonekana ilikuwa katika mirija. Haikuishia ukutani mwa tanuru, bali iliingia ndani kabisa, katikati ya makaa yanayowaka. Hewa ya mvukuto ilipopita humo ilipashwa na mrija wenyewe kabla ya kutoka na kukutana na mkaa. Schmidt na Avery waliripoti kwamba hewa ilifikia nyuzi 600 hivi, na kwamba moto mbele ya mirija ulipita nyuzi 1,800. Walikuta pia, katika matanuru yaliyofukuliwa Buhaya yenye umri wa miaka 1,500 na zaidi, vipande vya mirija vyenye alama za kuwa vilikaa ndani ya moto, si ukutani tu. Yote hayo waliyachapisha katika jarida la Science mwezi Septemba 1978.

Magazeti ya Marekani, likiwamo Time, yakaichukua habari kwa vishindo: Waafrika walitengeneza chuma cha pua kwa hewa ya moto miaka karibu 2,000 iliyopita! Na ni kweli kwamba Ulaya ilichelewa kuitumia hewa ya moto. Mskoti James Neilson alipata hati yake ya ubunifu mwaka 1828, na viwanda vya Glasgow vikaokoa makaa mengi mno. Mtu wa Kagera akiyasoma hayo kifua lazima kimjae.

Lakini si wataalamu wote waliokubali. Mwaka 1986 J. E. Rehder, mtaalamu wa metali, aliandika kupinga hoja ya hewa ya moto. Alisema pumzi hupita ndani ya mrija kwa muda mfupi mno, haipati nafasi ya kubeba joto lote hilo, na joto kubwa la tanuru lina sababu nyingine. Liko na jambo ambalo kila apimaye hewa ndani ya bomba la moto analijua: kipimajoto kilichowekwa ndani ya mrija uliowiva hupokea pia mng'ao wa kuta zake, na huweza kusoma joto la mrija badala ya joto la hewa. Hiyo ni shida ileile ya fundi wa sigara anayetaka kujua kama ni pafu au ni upepo. Kupima pumzi kwa joto ni kazi yenye mitego, iwe maabara au porini.

Nadhani mabishano haya yametufundisha vibaya, wanaoshangilia na wanaopinga. Wanaoshangilia wamelifanya jambo zima litegemee nyuzi 600, kana kwamba zikipungua zikawa 300 basi babu zetu hawakujua kitu. Wanaopinga wamebishana juu ya hesabu ya joto, na wasikilizaji wao wakadhani ubingwa wenyewe ndio unaobishaniwa. La hasha. Chuma kilitoka. Wazee waliokaa nusu karne bila kugusa mvukuto walilijenga tanuru kwa udongo wa shambani, wakaliongoza kwa macho na masikio, na chuma kikatoka. Hilo halikupingwa na Rehder wala na mwingine yeyote.

Schmidt hakuishia Buhaya. Baadaye alishuka kusini kwa Warongo, na kazi yake nao imo katika kitabu chake juu ya ufundi wa chuma Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1997. Huko alikuta tanuru ambalo si nakala ya lile la Wahaya, na alikuta jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko nyuzi zote. Mambo hayakwenda sawa mara moja. Kazi ilipokwama, mafundi walibadilisha hili na lile kisha wakajaribu tena, na waliporekebisha udongo na hewa walirekebisha na dawa pia. Kwao hizo hazikuwa kazi mbili. Miiko ndiyo iliyokuwa daftari lao: kwanza hiki, halafu kile, huyu asikaribie, yule aanze kuvukuta. Katika nchi isiyokuwa na karatasi, mtu atakumbukaje hatua nyingi namna hiyo kwa miaka mia, ila kwa wimbo, mwiko na kiapo? Ndiyo maana nilisema msicheke.

Chuma hicho kilikwenda wapi? Kilikwenda shambani. Majembe kutoka pande hizi yaliuzwa Usukuma na kwingineko, na katika nchi za huku bara jembe lilikuwa fedha. Lilitolewa mahari, lililipwa faini, lilinunua mbuzi. Speke na Grant walipopita Usui, ndiyo Busubi ya leo, mwaka 1861 na kubanwa na mtemi Suwarora kwa hongo, hawakuwa wakipita katika pori tupu. Hii ilikuwa nchi yenye biashara yake na mafundi wake. Kisha yakaja majembe ya Ulaya kwa meli na reli, ya bei nafuu na yanayofanana yote. Mhunzi aliyehitaji siku nyingi za kuchoma makaa kabla hajapata bonge moja hakuweza kushindana. Hakuna askari aliyehitajika kuizima mivukuto, duka lilitosha.

Ngara nayo isisahauliwe. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda na Burundi, ambako wanaakiolojia wamefukua matanuru ya Zama za Chuma za mwanzo, mengine yakiwa na matofali yaliyotiwa nakshi. Vyungu vya namna ya Urewe, vinavyoandamana na chuma hicho cha kale, vimepatikana katika nchi hizo mbili na vimepatikana Buhaya. Ngara iko katikati. Ajabu ni kwamba dunia inaijua Ngara kwa mambo mawili tu: wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya laki mbili katika muda wa kama siku moja, wakatua Benaco, na nikeli ya Kabanga. Kwa nikeli hiyo Serikali iliingia mkataba mwezi Januari 2021, ikapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel, na mpango ni kuisafisha kule Kahama kwa maji na kemikali, pasipo tanuru la kuyeyushia. Yaani metali kubwa ya kwanza kuchimbwa Ngara kwa mitambo imepangiwa kusafishwa bila moto. Sina ugomvi na hilo, moshi utapungua. Ila nashangaa kwamba mabilioni yanahesabiwa kwa ajili ya metali iliyo chini ya ardhi, na hakuna anayeuliza juu ya ile iliyokwisha kutolewa na watu wa mkoa huohuo kwa mvukuto.

Nasema hivyo kwa sababu muda umetuacha. Mzee aliyekuwa na miaka 70 mwaka 1976 leo angekuwa amepita 115. Hatuna tena wa kumwuliza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha masomo ya akiolojia mwaka 1985, na Schmidt huyo alikuwa mmoja wa walioyaanzisha, kwa hiyo vijana wa kufukua na kupima tunao. Lakini kilichobaki kwao ni udongo na mavi ya chuma, na vitu hivyo havijalindwa. Wilaya ya Biharamulo yenyewe imegawanywa, Chato ikawa wilaya mwaka 2005 na kuhamia mkoa wa Geita mwaka 2012. Lundo la mavi ya chuma halijui mipaka hiyo. Mkulima akilikuta shambani huliona mawe mabaya tu, na mjenzi wa barabara huliona kifusi kizuri.

Basi nawaomba wenye ndugu huko, mnapokwenda likizo, mwaeleze namna ya kuvitambua vitu hivi. Mavi ya chuma ni meusi, mazito kuliko jiwe la ukubwa huohuo, na mara nyingi uso wake una mikunjo kama uji mzito ulioganda ukitiririka. Kipande cha mrija ni cha udongo uliochomwa, chenye tundu katikati linaloweza kuingia kidole au zaidi. Kikipatikana, kisioshwe wala kisivunjwe, na mahali kilipokuwa pawekwe alama kabla hakijachukuliwa kwa afisa utamaduni wa wilaya. Upande mmoja utakuwa na rangi ya tofali la kawaida. Huo ulikuwa nje, karibu na mvukuto. Upande wa pili utakuwa umebabuka na kung'aa kama kioo cheusi. Huo ndio uliokuwa motoni, na urefu wa ile sehemu nyeusi ndio unaoonyesha mrija uliingia ndani kiasi gani.